Ufito Niliouchagua Kama Fimbo

Ndugu yangu wa mwisho alikuwa mtu mzima mwenye nyumba yake Jorodom, na siku za mapumziko alikwenda kukaa juu ya mawe akisubiri samaki. Nilimdharau kwa hilo. Ninalisema mapema, kwa sababu watu wakifiwa hupenda kudai kwamba walimpenda marehemu kwa kila kitu. Mimi nilimpenda, lakini ule ufito wake wa kuvulia na rili yake, yaani kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, niliviona ni vitu vya mtu aliyekosa ng'ombe wa kuwaangalia.

Alijifunza kuvua Tanga, alikokuwa mlinzi kwa miaka mingi. Huko, alisema, watu huvua samaki wa baharini wakiwa wamesimama mchangani au juu ya miamba, hawana hata mtumbwi, wana ufito mwepesi tu. Aliporudi alishuka kwenye basi akiwa na begi moja na bomba la maji la plastiki. Nilifikiri ameleta bomba la kuvutia maji nyumbani. Kumbe ndani kulikuwa na ufito, umeviringishwa kwenye kitenge kama mtoto mchanga. Nilicheka mbele za watu.

"Miaka yote hiyo Tanga," nilimwambia, "umeleta fimbo isiyoweza kumfukuza hata mbuzi?"

Na yeye akacheka. Hakuwa mtu wa kukasirika, na hilo nalo nililidharau.

Kwetu samaki hakuwa chakula. Wazee walimhesabu pamoja na nyoka, na mpaka leo wapo watu hapa Nambis wasiotaka sufuria iliyopikiwa samaki ipite uani kwao. Mama alikuwa hivyo hivyo. Lakini alipohamia Jorodom kwa mwanawe wa mwisho, ndugu yangu alianza kumletea perege kutoka ziwa Basotu. Hakumlazimisha. Alikula yeye mbele yake, akaacha kipande pembeni ya sahani, akatoka nje. Baada ya miezi mama akawa anauliza mwenyewe, "Jumapili huendi ziwani?" Habari hizo ziliponifikia niliona aibu, kana kwamba nimeambiwa mama yangu ameanza kulewa.

Kisha mvua ikaushusha mlima juu ya Jorodom. Sitaandika mengi juu ya tope lile. Lilimchukua ndugu yangu pamoja na nyumba na kila kilichokuwemo. Mama siku hiyo alikuwa kwetu Nambis, amekuja kumwona mke wangu aliyekuwa anaumwa mgongo. Ndiyo sababu yupo.

Baada ya mazishi mama aliacha kula. Hakutangaza. Alipokea sahani, akaigusagusa, akairudisha. Uji alikunywa, nusu kikombe asubuhi, nusu jioni. Tulimchinjia kuku. Majirani walileta maziwa mgando, yakachacha zaidi pembeni ya kitanda chake. Muuguzi wa zahanati alimshika kifundo cha mkono, akaniita nje.

"Baba, huyu bibi hana ugonjwa. Ila akiendelea hivi hamtavuna naye."

Tulikuwa tunapalilia mahindi. Nilihesabu majuma yaliyobaki hadi mavuno nikaingiwa na hofu.

Siku moja mke wangu alimuuliza anatamani nini. Mama akasema, samaki. Nilipanda pikipiki hadi Dongobesh, nikarudi na perege wawili. Mke wangu aliwapika vizuri. Mama alisogeza pua, akasukuma sahani.

"Huyu ananuka tope."

Mimi nilinusa. Kweli alinuka. Samaki wa sokoni ni wa nyavu, na nyavu hutegwa kwenye matete, mahali maji yanapotulia juu ya tope. Juma lililofuata nikanunua wengine kwa mtu mwingine. Neno likawa lile lile.

"Wa kwake hawakunuka," mama alisema. "Wa kwake walitoka kwenye mawe."

Nyumbani kwetu siku hizo tulikuwa hatulitamki neno tope, hata mvua ikinyesha.

Nikauliza. Niliambiwa upande wa mawe wa ziwa hakuna anayetega, kwa kuwa nyavu zinachanika. Samaki wa pale hatoki ila kwa ndoana, na hakuna mfanyabiashara anayepoteza siku nzima kwa samaki wawili. Kwa hiyo hawauzwi popote. Wa kuwavua alikuwa mmoja, naye tulikuwa tumemzika.

Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba yetu, alisikia kwamba natafuta vifaa vya kuvulia. Alikuja akaketi kwenye kiti changu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umefiwa, halafu unakwenda kuchezea maji? Zamani mwenye msiba alikaa kwake. Hata kisimani hakutia mguu."

"Mama hali, baba."

"Njaa ikimshika atakula."

Huyu ndiye mtu aliyekula nyama ya msiba wetu siku nne mfululizo na siku ya tano akauliza kama kichwa cha ng'ombe kimebaki. Nilimpa chai, nikanyamaza. Nina kipaji cha kunyamaza. Watu hudhani ni upole.

Dongobesh kuna duka la familia moja ya Waislamu waliokaa pale tangu enzi za babu yao. Wanauza majembe, kamba, misumari, ndoo. Mwenye duka aliwahi kuagiza fito nne za kuvulia kutoka Dar es Salaam, akidhani watalii watazitaka. Watalii hawakuja, zikabaki juu ya rafu zikipata vumbi.

"Karibu mzee. Unataka samaki wa wapi?"

"Basotu. Upande wa mawe."

"Basi chukua mkubwa. Ziwa ni ziwa."

Elimu yake iliishia hapo. Alinionyesha kwenye simu video ya mzungu akivuta samaki mkubwa kama ndama, huku mzungu mwingine akipiga kelele. "Unaona? Ndiyo kazi yenyewe." Nilimwona mjinga anayeuza vitu asivyovijua. Nilikuwa sawa. Kosa langu lilikuwa kufikiri kwamba mimi navijua.

Akaziweka zote nne juu ya meza. Wa kwanza ulikuwa mwembamba, nikauinua kwa vidole viwili. Nikafanya anachofanya mwanaume yeyote wa kwetu anaponunua fimbo. Sisi fimbo ya kuchungia hatuinunui kwa macho. Unaisimamisha, unaiegemea kwa kifua, na uzito wako wote unaushusha juu yake. Ikipinda, unamrudishia mwenyewe. Mtu anayetembea na fimbo inayopinda hata ndama wanamjua. Basi nikashika kile kitako cha ufito, nikaweka ncha sakafuni, nikalala juu yake.

"Mzee! Mzee! Utauvunja!"

"Ukivunjika hapa, na kule ungevunjika."

Haukuvunjika. Ulipinda kama upinde, nikauchukia. Niliutupa mezani.

"Huu ni wa kuchapia watoto wa chekechea."

Wateja wakacheka, nami nikafurahi kuchekewa. Wa pili ukapinda. Wa tatu ukapinda kidogo. Wa nne ulikuwa mnene kama kidole gumba, mzito, na nilipouegemea ulinishikilia kama nguzo ya zizi. Nikasema, huu. Rili nikachagua kubwa kuliko zote, ina uzito wa pasi ya mkaa, na mshipi ambao ungeweza kufungia ndama.

"Umechagua kama mwanaume," mwenye duka akasema.

Niliondoka pale nimenyoosha mgongo. Sifichi.

Basotu nilikwenda siku tatu tofauti. Siku ya kwanza nilisimama juu ya mawe tangu asubuhi. Risasi ndogo ya kuzamishia ndoana haikuweza kuuvuta mshipi mnene ule. Niliporusha, vyote vilianguka karibu na miguu yangu. Nikafunga risasi kubwa. Hiyo ilifika mbali, ikapiga maji kama mtu ametupa tofali, kisha ikanasa kati ya mawe. Nikavuta kama ninavyovuta ng'ombe aliyetumbukia mtaroni. Mshipi haukukatika, jiwe halikutoka. Ilibidi nikate kwa kisu.

Siku ya pili nilihamia mchangani, mahali ng'ombe wanaposhuka kunywa. Pale hakuna mawe ya kunasa. Lakini mkono ulichoka kabla ya saa sita, na wachungaji walisimama na fimbo zao wakinitazama kama mimi nilivyokuwa nikimtazama ndugu yangu. Walinisalimia kwa heshima zote. Walipopita mgongoni nikasikia kicheko. Kila nilipovuta, nyungunyungu wa chambo alikuwa ameshaliwa na mimi sikuhisi chochote.

Siku ya tatu nilirudi kwenye mawe yale. Kulikuwa na mama mmoja muuza samaki, mtu wa makamo, anaparua magamba kwenye beseni. Aliniangalia muda mrefu kabla ya kusema.

"Shikamoo baba. Hicho ulichoshika ni nini?"

"Marahaba. Ufito."

"Ufito! Mimi nikadhani unajenga hapa, umeleta nguzo." Akapaza sauti ili wenzake wa mbali wasikie. "Baba, unavua perege au unavua kiboko?"

Wakati huo huo samaki akanasa. Ilikuwa mara ya kwanza. Nilinyanyua kwa nguvu zangu zote, akatoka juu ya maji, nikaona tumbo lake, kisha ndoana ikarudi na kipande cha mdomo tu.

"Umemchana," yule mama alisema. Sasa alikuwa amesimama. "Huo mti wako haupindi. Samaki akivuta, avute ufito upinde, ndipo anachoka. Wako haupindi, kwa hiyo anavuta mdomo wake mwenyewe. Ulipimaje ulipoununua?"

"Niliuegemea."

"Uliu-nini?"

"Niliuegemea kwa kifua. Kama fimbo."

Alicheka hadi akakaa tena chini, mikono ina magamba, machozi yanamtoka. "Ninyi watu wa ng'ombe! Jamani! Ukienda kununua sindano utaiegemea?"

Akajifuta, akaonyesha jiwe moja lililoingia majini zaidi kuliko mengine.

"Kulikuwa na mtu wa Jorodom anakaa pale. Ufito wake mwembamba hivi, nzi akitua unatikisika. Tulikuwa tunamcheka pia, lakini jioni anaondoka na watatu, wanne. Siku hizi simwoni."

Sikumwambia ni nani. Nilimwambia tu kwamba nina mama nyumbani asiyekula, na ametaja samaki wa mawe. Kicheko kikakatika usoni pake. Akachagua perege mkubwa kwenye beseni, akaninyooshea.

"Mpelekee huyu. Usinipe kitu."

"Atasema ananuka tope."

Nilitegemea akasirike. Alimleta samaki puani, akanusa. "Ananuka, kweli. Wote wananuka. Sisi tumezoea."

Kesho yake nilikuwa Dongobesh tena, na ufito wangu mnene begani. Nilipita sokoni nao. Mtu akitaka kujua jinsi dharau inavyorudi kwa mwenyewe, apite sokoni na kitu alichokichagua kwa majivuno.

"Mzee, umevunjika?" mwenye duka akauliza.

"Haujavunjika. Ndiyo shida yake. Nipe ule wa kwanza."

"Upi? Ule wa chekechea?"

"Huo huo."

Wateja wakacheka tena, na safari hii sikufurahi. Lakini niliona jambo: ufito ule ulibeba kifua changu chote siku ile, ukarudi kunyooka kama haujaguswa. Nililiona siku ile pia, ila nilikuwa na shughuli ya kuchekesha watu.

Safari hii nilichukua muda. Nilimwambia mwenye duka ashike ncha, aivute taratibu bila kunitazama, nami nikafumba macho. Ule mnene haukuniambia kitu mpaka avute kwa nguvu. Wa tatu ulisema kidogo. Ule mwembamba, alipogusa tu kwa kidole, nilihisi kwenye kiganja. Nikautikisa kuona unapoanzia kupinda: ncha ndiyo ilicheza, kitako kilitulia. Urefu wake ulinipita kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa mfupi zaidi, nao ni mzuri kwa mtu wa mchangani, lakini juu ya mawe mshipi unatakiwa uinuliwe usisagwe kwenye kingo. Na mrefu kupita ule ungenimaliza mabega, nimevuka hamsini.

Kisha nikakagua zile pete ndogo mshipi unamopita. Nilipitisha pamba ndani ya kila moja, kama nilivyowahi kumwona ndugu yangu akifanya. Pamba ikinasa, pete ina ufa, na ufa utakata mshipi. Moja ilinasa. Mwenye duka alikataa kwamba ni ufa, akasema ni vumbi. Nikaifuta, nikapitisha pamba tena, ikanasa tena. Nikamwambia atoe pete kama hiyo kwenye ule wa pili aihamishie hapa. Alilalamika sana, kwa sauti ya mtu anayeonewa, lakini alikuwa na gundi na uzi, akafanya.

Rili nikachukua ndogo kuliko zote. Niliifunga kwenye ufito, nikauweka juu ya kidole kimoja mbele kidogo ya rili. Haukuinama mbele wala nyuma. Nikazungusha mkono wa rili nikisikiliza kama kuna mchanga ndani. Kimya. Mbele ina kifundo cha breki. Ukikilegeza, samaki akivuta sana mshipi unatoka wenyewe badala ya kukatika. Nikakikaza na kukilegeza mara nyingi mpaka mwenye duka akapiga miayo. Mshipi nikataka mwembamba kama uzi wa kushonea nguo.

"Huo utamshika nani?"

"Samaki wa kiasi cha kiganja."

"Kazi yote hii kwa samaki wa kiganja?"

Niliyajua maneno hayo. Yalikuwa yangu. Niliyasema Jorodom, kwenye mlango wa ndugu yangu, nikiwa nimeshika kikombe cha chai yake.

Nilifika Basotu kesho yake jua likichomoza. Sikukaa kwenye lile jiwe lake. Nilikaa la pembeni. Risasi ndogo kama punje ya mahindi iliruka mbali bila kelele. Mkono haukuuma. Baada ya muda nikahisi kitu kikigonga, polepole, kama mtu asiye na uhakika kama mwenye nyumba yupo. Nilivuta haraka, nikamkosa. Wa pili nikamkosa pia, kwa sababu nilikuwa nawaza wa kwanza. Wa tatu nilisubiri agonge mara mbili, nikanyanyua kidogo tu. Ufito ukapinda kama ulivyopinda dukani, rili ikalia, mshipi ukatoka, ukarudi, ukatoka. Mtu mzima wa watu, nahangaika na kitu kidogo kuliko mtoto wa mbuzi. Nikamtoa. Alikuwa wa kiganja, hakuzidi.

Nilipata wawili, nikaacha. Yule mama muuza samaki aliniparulia magamba bila utani wowote, akawafunga kwenye majani mabichi. Nilimnusa mmoja kabla hajafungwa. Alinuka maji tu.

Nilifika nyumbani mchana. Mke wangu aliwapika kwa kitunguu na chumvi, nyanya moja, basi. Baba mdogo alikuwa amekuja tena. Alipoona kinachopikwa alitoka akakaa zizini, akitutemea mate kwa mbali.

Mama alikuwa ameketi kitandani, miguu imefunikwa. Mke wangu aliweka sahani mapajani pake. Mama akainama, akanusa. Nikaona mabega yake yamesimama hivyo hivyo, hayapandi, hayashuki, nikajiandaa kupokea sahani. Lakini aliingiza vidole, akabandua nyama ya mgongoni, akaweka mdomoni. Akatafuna bila kutuangalia. Akatoa mwiba, akauweka pembeni ya sahani.

"Umevua mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Wako ni mdogo."

"Ndiyo, mama."

Nitasema kweli. Kwa kitambo kidogo nilikasirika. Nilimtunza mama kwa maziwa ya ng'ombe wangu kabla hajahamia Jorodom, na kuku nilichinja, na bado kilichomfungua mdomo ni mchezo wa mtu niliyemcheka. Nilimwonea marehemu wivu, mimi niliye hai, nimesimama hapo na harufu ya ziwa mikononi. Kisha nikamwona akigeuza samaki upande wa pili, na wivu ukaniona mimi ni mtu wa kudharauliwa, ukaondoka.

Alimaliza wa kwanza. Alivuta wa pili, akamfungua mdomo, akanyonya kichwa. Halafu akainua uso, akamtazama mke wangu, akanitazama mimi, kwa macho yake ya zamani, yale ya kugomba.

"Na ugali uko wapi? Mnanipa samaki mtupu kama paka?"

Mke wangu na mimi tuliangaliana. Hakukuwa na ugali. Hakuna aliyesonga, kwa sababu hakuna aliyeamini. Mke wangu alikimbia jikoni, nikamsikia akigonga sufuria, akipuliza moto, unga ukimwagika, na mama kutoka kitandani akipaza sauti kwamba maji yachemke kwanza, watu wa nyumba hii hawajui hata kusonga.